Haya Mbili

Breki ya mtambo wa kuchimba mafuta, ile ya zamani, ilikuwa mti wa chuma uliokufikia kifuani, na ncha yake iling'aa kwa kushikwashikwa. Anayeishika ndiye mchimbaji. Wengine wote pale juu, wanaofunga mabomba, wanaochanganya tope, wanaopanda mnarani, walikuwa wasaidizi wake, ingawa wao ndio waliorudi vyumbani wamelowa mpaka kwenye mifupa. Mchimbaji alisimama chini ya kipaa cha bati, mkono kwenye breki, jicho kwenye saa ya uzito, na mabomba ya maelfu ya futi yalipanda na kushuka kwa kiganja chake. Tangu nifike Uingereza sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoitaka breki ile. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili nikifika kwenye kosa langu ijulikane lilitoka wapi.

Niliondoka Unguja baada ya mapinduzi, cheti changu cha sekondari nimekikunja ndani ya kiatu. Kilifika London kina alama ya kisigino, na karani wa kwanza niliyemwonyesha alikishika kwa ncha za vidole. Nikapata kazi katika kiwanda cha balbu kule Edmonton, kaskazini ya London, nikaoa, tukapanga vyumba kwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Nairobi. Kila maji yalipoganda kwenye bomba alipanda ngazi kututukana kwa Kiswahili safi kabisa, kana kwamba baridi ile tumekuja nayo sisi kwenye masanduku.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo, Waingereza walipoanza kutafuta gesi na mafuta chini ya bahari yao wenyewe. Nikaona tangazo gazetini: wanatakiwa wanaume wenye nguvu, uzoefu wa kuchimba utafikiriwa. Ofisi yenyewe ilikuwa karibu na stesheni ya Liverpool Street, na aliyenihoji alikuwa na haraka ya kwenda kula.

"Umewahi kuchimba?"

"Ndiyo, bwana. Miaka miwili."

"Wapi?"

"Zanzibar."

"Sikujua Zanzibar mnachimba."

"Tunachimba sana," nilimwambia.

Hapo sikusema uongo. Nilikuwa nimefanya kazi idara ya maji, nikichimba visima mashambani kwa mashine iliyokuwa ikikohoa kuliko babu yangu. Yeye hakuniuliza tulikuwa tunatafuta nini chini, nami sikumweleza. Wiki iliyofuata nilikuwa ndani ya treni kwenda Great Yarmouth, mji wa pwani, na kutoka pale ndani ya helikopta, nimeshika mkanda kwa mikono miwili na ninasoma kila dua niliyoijua.

Mtambo wetu ulisimama kwa miguu yake juu ya sakafu ya bahari. Wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani. Kwa kuwa haukuelea wala kuzunguka, kibla kilikaa palepale, nyuma ya mapipa ya grisi, na wenzangu wakazoea kuzunguka mbali wakiniona nimeinama. Waliniita Sultani. Nilipowaambia sultani wetu alikwishaondolewa, walisema basi nafasi iko wazi. Mpishi, mtu wa Hull mwenye mikono kama makasia, alisikia kwamba nguruwe siili, na akalichukua jambo lile kama mtihani wake binafsi.

"Leo nimekupikia yai," aliniambia asubuhi ya kwanza.

Kesho yake: "Leo nimekubadilishia. Yai."

Siku ya kumi aliniletea yai limekatwa vipande na kupangwa kama ua. "Usije ukasema kwenu kwamba hatukukujali, Sultani."

Nilicheka sana mahali pale. Kazi ilikuwa ngumu, chafu na ya hatari, lakini nikiikumbuka leo, nikiwa na blanketi magotini na mjukuu ananijibu kwa Kiingereza kila nikimuuliza kwa Kiswahili, kinachonijia kwanza ni kicheko. Nilianza sakafuni, na vibarua wanaofunga mabomba. Nikapandishwa mnarani. Kisha nikawa msaidizi wa mchimbaji wa zamu yetu, mtu mnene wa Norfolk aliyekuwa na maumivu ya mgongo. Mgongo ulipomshinda akaenda kupasuliwa, na bosi wa mtambo akaniita.

Bosi alikuwa Mmarekani wa Louisiana aliyezungumza kama mtu anayetafuna. "Miezi mitatu ya majaribio, Sultani," alisema. "Asiumie mtu, kisipotee chuma kisimani, na breki ni yako. Akiumia mtu kwa mkono wako, unarudi mnarani kuongea na ndege."

Mwezi wa pili wa majaribio yale ndipo alipokuja shemeji yangu.

Alikuwa kaka wa mke wangu, tumelingana umri, na kule Unguja alikuwa karani wa posta. Alipofika kwetu Edmonton alilala sebuleni wiki tatu, akizungumza tangu jua linachomoza. Mke wangu akaniambia nimtafutie kazi kabla yeye hajamtafutia kaburi. Nikamwombea nafasi kwa bosi, akapewa ya kibarua wa sakafuni, kwa zamu yangu mimi. Mkono wake ulikuwa mwepesi na woga hakuwa nao. Kilichompungukia kilikuwa kunyamaza tu.

"Shemeji," aliniuliza siku ya kwanza, akichungulia bahari kupitia matundu ya sakafu, "hiki choo chenu kikubwa namna hii, mnakivutaje maji?"

Nilipowatafsiria wenzetu, walimpenda papo hapo. Tukawa tunazungumza Kiswahili waziwazi, kazini na mezani, na nilijisikia vizuri mno. Kwa miaka kadhaa pale mtamboni lugha yangu ilikuwa haitoki mdomoni ila kwenye dua na kwenye simu.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo kosa halieleweki. Mabomba yalishuka kisimani moja baada ya jingine. Kila moja lilipofika usawa wa sakafu, vibarua waliingiza kabari, vipande vya chuma vizito vilivyounganishwa, vyenye vishikio, vikalibana bomba lisizame wakati wenzao wanafunga jingine juu yake. Ikiwa bomba limekaa chini mno na makoleo hayalifikii, mmoja wao alipiga kelele kwa mchimbaji ainue. Neno lilikuwa moja, "higher", yaani juu zaidi. Na watu wa upande ule wa Uingereza huimeza ile herufi ya mwisho. Walipolitamka, lilitoka "haya".

Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni sakafuni, lilinichekesha. Nilidhani wananikubalia. Nikisema hili, "haya". Nikisema lile, "haya". Nikaona Waingereza ni watu wapole kuliko nilivyosikia. Ilichukua siku nne, na matusi ya kutosha, kujua kwamba wanataka kitu kinyanyuliwe. Tangu hapo sikio langu likazoea. Pale juu, haya ilikuwa juu.

Siku ile mvua ilikuwa inakuja ubavuni. Mkono wangu ulikuwa kwenye breki, macho kwenye saa ya uzito, kichwa kimeingia ndani ya kola. Zamu ya kabari ilikuwa ya shemeji. Aliziingiza vizuri, zikakaa, naye akaniambia kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angemwambia mwenzake: tayari, imeshakaa, shusha.

"Haya!"

Nami nikainua.

Bomba likapanda, kabari zikachomoka nalo na kuanza kulala upande. Shemeji akazirukia azishike. Wenzake wakapiga kelele, mimi nikashtuka nikaachia breki, bomba likashuka, na kabari zikarudi mahali pake na vidole viwili vya shemeji yangu vikiwa chini ya kishikio.

"Mungu wangu!" alilia. "Si nimekwambia haya!"

Nililielewa jambo lote kabla hajamaliza sentensi. Vibarua wenzake walikuwa hawajui neno. Juu ya bahari ile nzima tulikuwa wawili tu tuliojua kwamba kuna haya nyingine.

Bosi alikuja na kikombe cha kahawa mkononi, mvua inamiminika ndani yake. Shemeji alikuwa amekwishapelekwa kwa mganga wa mtambo. Akawauliza vibarua mmoja mmoja: alisema nini? Juu zaidi, bosi. Juu zaidi, tumemsikia wote. Kisha akanigeukia.

"Sultani?"

Mwezi mmoja na siku chache tu za majaribio zilikuwa zimebaki.

"Alisema juu zaidi," nikajibu.

Kila aliyelitamka neno lile siku hiyo alisema kweli, isipokuwa mimi. Fomu ikaandikwa kwamba kibarua mpya alitoa ishara ya makosa, nikatia sahihi. Shemeji alipelekwa hospitali kwa helikopta. Vidole viliunganishwa, lakini havikunyooka tena. Baada ya siku chache akaletewa barua kwamba hahitajiki kurudi kwa sababu hajui ishara za kazi. Majaribio yangu yalipokwisha breki ikawa yangu. Mpishi alinitengenezea keki na kuweka yai juu yake. Watu walicheka mpaka wakagonga meza, nami nikacheka nao, nikaila.

Nyumbani hapakuwa na msiba wowote, na hilo ndilo lililonivuruga. Shemeji alikaa sebuleni na bandeji yake akiwasimulia wageni. Watu walitoka hata Hayes, upande wa pili wa London, kuja kumpa pole, wakaondoka wameshika mbavu.

"Kosa langu mimi," alikuwa akisema. "Nimemwambia mtu haya, akanifanyia haya ya Kizungu. Nilisahau kwamba shemeji akishika ile breki yake anakuwa Mwingereza mpaka kwenye masikio."

"Hata hukutukana?" mgeni mmoja alimuuliza.

"Nilitukana, bibi, lakini kwa Kiswahili. Wao wakadhani naomba dua."

Mke wangu hakucheka sana. Siku moja nikiwa navaa viatu aliniuliza, "Kwani bwana, wewe hukusikia kwamba kasema Kiswahili?"

"Kulikuwa na kelele."

"Na baadaye? Kelele zilipokwisha?"

Nikasema nitachelewa treni.

Nilikwenda zamu moja hivyo, nikarudi, nikaenda ya pili. Breki niliyoitamani ilikuwa mikononi mwangu na nilifanya kazi vizuri, tena vizuri sana. Sitajifanya kwamba sikulala au sikula. Nilikula na kulala. Mtu anaweza kukaa na jambo kama lile muda mrefu kuliko anavyotaka kuamini.

Kilichonishinda kilikuwa kitu kidogo. Asubuhi moja nikiwa nyumbani nilisikia sauti bafuni. Shemeji alikuwa ananyoa ndevu kwa mkono mzima, mlango wazi, na juu ya kioo ameibandika karatasi aliyoiandika kwa ule mwandiko wake mzuri wa posta: maneno ya Kiingereza, safu moja ndefu. Alikuwa anajifunza ishara za kazi. Anajitazama, anainua wembe, anapiga kelele, "Higher!" Anaushusha, "Lower!" Mwenye nyumba akagonga dari kwa ufagio kutoka chini.

"Shemeji," aliniambia aliponiona, "nikipata kazi nyingine sitarudia ujinga ule. Nisikilize. Natamka sawa?"

"Sawasawa," nilimwambia, nikaenda kusimama jikoni na chai ambayo sikuinywa.

Nilipofika kazini zamu ile, kabla ya kubadili nguo, niligonga mlango wa bosi.

"Bosi, lile neno la shemeji yangu. Hakusema juu zaidi."

"Watu wanne walimsikia."

"Walisikia haya. Kwetu haya ni tayari, sawa, imetosha. Alisema kwa lugha yetu."

Akaweka kikombe chini. "Hebu liseme."

"Haya."

"Sasa sema juu zaidi, kama wanavyosema hawa watu wa hapa."

"Haya."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoa leso. "Mungu wangu," alisema. "Na mimi nimekuwa nikiogopa gesi." Kisha akaikunja leso na uso ukabadilika. "Lini umelijua hili?"

Hapo ningeweza kusema jana.

"Siku ileile," nilimwambia. "Kabla hujafika pale."

Hakunigombeza. Alifungua kabati, akatoa ile fomu yenye sahihi yangu, akaitazama, akaitazama sahihi. "Angekuwa mtu mwingine ningemfukuza," alisema. "Wewe unarudi mnarani. Na yeye nitamwandikia barua mwenyewe, arudi kazini."

Akatoa amri pia kwamba kwenye mtambo wake neno lile halitumiki tena, kwa lugha yoyote. Ni ishara za mikono tu, na mchimbaji asiyeuona mkono asitikise kitu. Vibarua walinikasirikia wiki nzima, si kwa ajili ya shemeji bali kwa kuwanyima neno lao. Halafu wakalisahau, kwa kuwa walipata la kunitania: kila nilipopanda ngazi ya mnara walikuwa wakiniombea ndege wawe na mazungumzo mazuri.

Nimefanya makosa mengine maishani, lakini hili linalofuata ndilo linaloniuma zaidi, kuliko hata ile sahihi. Nilikuwa na ujasiri wa kumwambia Mmarekani, mtu baki, lakini sikuwa nao wa kupiga simu nyumbani. Nilijiambia nitawaeleza nikirudi, kwa utaratibu, tumekaa. Barua ya bosi ikafika Edmonton kabla yangu.

Mke wangu alinifungulia mlango akiwa nayo mkononi. Hakuniambia karibu.

"Kiswahili kina haya mbili," alisema. "Wewe hukusikia hata moja."

Ndugu yake alikuwa mezani, koti begani kama mtu aliyepita tu. Wakati ule alikuwa amekwishapata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala kule Hayes, karibu na uwanja wa ndege, na amehamia huko. Alikuwa amekuja kunisubiri.

"Kumbe ulijua siku ileile, kabla ya kutia sahihi," alisema.

"Nilijua."

"Siku zote nilizokuwa naelezea watu hapa, nimekaa kwenye kiti hiki, najiita mjinga, wewe umekaa pale."

"Ndiyo."

"Na bafuni pale. Unaniambia natamka sawasawa."

Niliomba radhi, nikarudia, na maneno yalionekana madogo mno chumbani mle. Alinyamaza. Kwa mtu yule, dakika moja ya kunyamaza ilikuwa ndefu kuliko zamu. Mke wangu akasimama mlangoni, hajui amshike nani.

"Niambie kitu kimoja," shemeji alisema mwishowe. "Breki wamekunyang'anya?"

"Wameninyang'anya."

"Uko wapi sasa?"

"Mnarani. Juu kabisa."

"Kwenye upepo?"

"Kwenye upepo."

"Kunanyesha?"

"Kila siku."

Akaivuta barua karibu, akaisoma tena, taratibu, kwa kimoja cha vile vidole vilivyopinda. "Ghalani kwetu kuna joto," alisema, kama anazungumza na barua. "Kuna kantini. Kuna wali siku ya Ijumaa." Kisha akaikunja akaitia mfukoni. "Lakini kukuona wewe umening'inia juu huko kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, hilo siwezi kulikosa, shemeji. Nakwenda."

Alikwenda kweli, ingawa kwa safari ya treni nzima hakukaa behewa langu. Kuzungumza nami kulimjia kidogo kidogo, kwanza kunitania tu, baadaye habari za nyumbani, na ilipita karibu mwaka kabla hajanipitishia chumvi mezani bila kuombwa. Kazi aliijua haraka kuliko mimi. Watu walimwamini kwa kuwa hakukanyaga popote bila kutazama mikono ya kila mtu, na sababu ilikuwa wazi kwenye mkono wake mwenyewe. Baada ya miaka minne bosi alimwita ofisini, na alipotoka, breki ilikuwa yake.

Mimi niliishika tena baadaye, kwenye mtambo mwingine, miaka mingi, mpaka magoti yalipokataa. Lakini siku yake ya kwanza nilikuwa juu mnarani, nimefunga mkanda, futi themanini na zaidi juu ya kichwa chake, na chochote ambacho angekosea kingeanza na mimi. Nikamwona anatoka chini ya kipaa cha bati, anasimama mvuani, anainua uso kunitafuta. Aliinua mkono. Akangoja mpaka nilipouinua wangu ndipo akarudi kwenye breki, na chuma kikaja juu kwangu polepole kama kinabebwa kwa mikono.

Wakati wa chai alikaa mbele yangu, akakoroga sukari.

"Umeona nilivyokupandishia taratibu, shemeji?"

"Nimeona."

"Basi ushukuru," alisema. "Kesho sijui nitaamkaje."